Anko Aliyemwangusha Fahali wa Mahari kwa Bega

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa.

Wahenga wangepita kwetu Bulyaga kwanza. Anko wangu alicheza kwa watu, akatunzwa huko huko. Aliporudi kwao, akaulizwa meno ameyaacha wapi.

Siku ya kupeleka mahari yake alimpiga fahali bega, fahali akalala chini, wakwe wakashangilia. Siku hiyo hiyo akaninunia. Mpaka leo anadai nimwombe radhi.

Nianze mwanzo, maana najua mmeshaanza kuandika "kamba hizo" kwenye komenti.

Anko Ambindwile ni mdogo wake mama, kitinda mimba. Bibi alipofariki, daktari mmoja wa Kifini aliyekuwa akifanya kazi huku, pamoja na mke wa daktari huyo, wakamchukua wamlee. Mkataba ulipoisha, wakaondoka naye kwenda Ufini. Alikuwa na miaka tisa. Amerudi ana thelathini na tisa, na Kiswahili chake bado kipo darasa la tatu.

Katikati hapo alikuwa mshambuliaji wa mpira wa magongo. Si ule wa nyasi. Wa juu ya barafu. Misimu kumi na saba, kwa mshahara, jina lake mgongoni.

Unavaa viatu vyenye chuma kama kisu chini. Unateleza kama bodaboda iliyokatika breki kwenye mteremko wa Kyimo. Mtu anakupiga bega, unaacha meno mawili ukutani, unaendelea kucheza. Ndiyo kazi.

Sasa kaieleze kazi hiyo kwa Mzee Meshaki wa Ikuti.

Maana anko alimpenda Esnath, mwalimu, binti wa huyo mzee. Esnath naye akampenda, na mapengo yake. Mzee akasema hatoi binti kwa mtu ambaye haijulikani miaka yote hiyo alikuwa akifanya nini huko.

Nikatumwa pamoja na washenga. Nina diploma ya uandishi wa habari, na nina mdomo. Ukoo ulihitaji mdomo.

Mara ya kwanza nilisema ukweli. Ujinga wangu ulianzia hapo.

"Alikuwa anacheza juu ya barafu, baba."

"Barafu ya friji?"

"Uwanja mzima."

"Anacheza," mzee akasema. "Mtu mzima."

Nikatoa simu, nikawasha video. Kwa bahati yangu njema, ile anayoipenda anko ndiyo ile anavua glavu, anamkwida mwenzake, anamtwanga ngumi sita huku uwanja mzima unapiga makofi. Halafu refa anampeleka kwenye kibanda cha vioo, mlango unafungwa.

Mzee akaisogeza simu pembeni.

"Kafungwa," mzee akasema.

"Dakika tano tu, baba."

"Kumpiga mtu namna ile, dakika tano?" Akawageukia ndugu zake. "Na hakimu wa huko naye anakula, kumbe."

Tukarudi na kreti zetu za soda. Hazikufunguliwa hata moja.

Esnath alilia wiki nzima. Anko hakulia. Alikaa kibarazani akisugua viatu vyake vya visu, katika mji ambao barafu yake kubwa kuliko zote huuzwa kwenye kimfuko kwa watoto wa shule.

Mara ya pili nikaenda na uongo.

"Baba, siku ile sikueleza vizuri. Anko alikuwa machinjioni. Machinjio makubwa ya Ufini, baridi tupu, mpaka sakafu ina barafu. Yeye ndiye aliyekuwa anaangusha ng'ombe."

Mzee akaweka kikombe chini.

"Na meno?"

"Teke."

"Na zile ngumi?"

"Walikuwa wanagombea maini."

"Sasa si ungesema mapema, mwanangu!" Akacheka mpaka akakohoa. "Huku ni misiba na harusi kila wiki. Nani anakataa mkwe wa kuangusha ng'ombe?"

Msinione mjinga. Fahali wa mahari angechinjwa pale pale kwa mzee, na nilikuwa nimepanga. Kisu huku kwetu anashika Bushiri wa buchani, ili wageni Waislamu nao wale. Kuangusha wanaangusha vijana sita kwa kamba. Anko angesimama pembeni amekunja mikono kama bosi.

Nilipanga vyote isipokuwa mvua. Rungwe hii, nikasahau mvua!

Uwanja wa mzee una mteremko, na udongo ukawa sabuni. Vijana wakavuta kamba, wakaanguka wote sita. Fahali akachomoka, akashuka moja kwa moja kuelekea kwa Mzee Meshaki, kwenye kiti chake cha plastiki.

Anko hakukimbia. Aliteleza.

Na gambuti zake, magoti yamekunjwa, akashuka yale matope kana kwamba kazaliwa humo, akamwingia fahali ubavuni kwa bega. Kishindo! Fahali chini, hatua mbili kutoka kwenye kiti. Vijana wakamrukia na kamba, Bushiri akaja na kisu chake na bismillahi yake.

Ikuti ikalipuka. Vigelegele, miluzi, sufuria zinagongwa.

Anko, matope mpaka masikioni, akainua mikono yote miwili juu kama anavyofanya kwenye video akifunga goli. Watu wa kwao walikuwa wanamshangilia. Mara ya kwanza maishani.

Mzee Meshaki akapanda juu ya kiti. "Mmeona? Machinjio ya Ufini hayo! Huyo ndiye mchinjaji!"

Nikaiona ile mikono ikishuka. Polepole.

Sasa ana mke. Kila msiba anaitwa, na jina lake ni Machinjio.

Jana kaja kwetu, Esnath nyuma yake na tumbo la miezi saba.

"Tupokigwe," akaniambia, "mimi nilicheza. Miaka kumi na saba, nilicheza. Wewe umesema ng'ombe. Omba radhi."

Funzo, kwa wanaolisubiri: ukweli ambao watu hawajawahi kuuona, uvalishe gambuti kwanza ndipo uutume ukweni.

Nikamtazama anko. Nikamtazama Esnath, na lile tumbo.

Siombi.