Bonde la Matete

Enzi zetu bonde lilisikika kabla halijaonekana. Ukiteremka asubuhi kutoka kwenye nyumba mpya za kijiji cha ujamaa, ukungu ukiwa umefunika kila kitu, ulisikia kwanza tope likinyonya miguu ya mtu: fyoo, kimya, fyoo. Mimi na mdogo wangu Odilia tulisimama tumeshikana mikono mpaka mtu huyo akohoe, tujue ni Mama.

Tuliogopa ruba, tuliogopa nyoka, tuliogopa matete yaliyotuzidi kimo na kutikisika hata pasipo upepo. Wanangu siku hizi wakiona ruba kitabuni hupandisha miguu kitini. Sisi tulimbandua pajani huku tunatafuna muhogo mbichi. Ila aliyetunyima usingizi alikuwa Baba Mkubwa.

Baba alikuwa amefariki, na kwetu Umatengoni watoto ni wa ukoo wa baba. Mama alipohamia kijijini alipewa kipande cha bonde ambacho hakuna aliyekitaka. Baba Mkubwa akaja kutoka Mkumbi, akakitazama, akasema bila kupandisha sauti: "Shemeji, nitarudi kahawa ikianikwa. Nisipokuta chakula hapa, watoto nitaondoka nao. Watoto wa ukoo hawali matete."

Mama akalima kama alivyofundishwa na mama yake: ngoro, kilimo cha mashimo. Mlimani tulizoea kufyeka nyasi, kuzilaza kwa miraba, kuchimba udongo wa katikati na kuzifunikia. Mazao huota kwenye kingo, na mashimo huzuia mvua isiuchukue udongo. Basi tukafyeka matete, tukayalaza, tukachimba. Majirani wakasifu miraba yetu ilivyonyooka.

Wiki mbili baadaye kila shimo lilikuwa kisima. Maharage yakaoza. Matete tuliyoyazika hayakuoza kama nyasi za mlimani; yalichipua, yakachomoza kwenye kingo kama masikio ya kitu kinachotusikiliza. Mama alifua nguo zetu zote, akazikunja, akazipanga kwenye kikapu karibu na mlango. Hatukuuliza za nini. Kila nilipotoka nilikipitia mbali kikapu kile.

Asubuhi moja Odilia aliteleza akatumbukia shimoni hadi kifuani. Alininyooshea mikono, na tope likazidi kupanda. Nililala kifudifudi ukingoni nikamvuta mikono. Ukingo ukamegeka chini yangu, maji yakabubujika kuelekea mtoni, na shimo likabaki tupu, Odilia ameketi katikati yake akilia. Mama alikuja mbio akampakata, lakini macho yake yalikuwa kwenye yale maji yanayokimbia.

"Huku chini maji hayafungiwi," alisema taratibu. "Yanafunguliwa mlango."

Tukabomoa kingo, tukaunganisha shimo na shimo kwa mfereji hadi mtoni. Tuling'oa mizizi ya matete mmoja mmoja, tukaianika mlimani, tukaichoma, na majivu tukayarudisha bondeni. Palipokauka tukapanda maboga, mchicha na matembele. Kila jani jipya tulilihesabu kwa hofu, maana kwa majirani kahawa ilikuwa imeanza kuwa nyekundu.

Leo bonde lile limejaa nyanya, na mashine inasukuma maji. Vijana wanaolima pale huniuliza, huku wakicheka, ni nani aliyechimba mifereji iliyopinda namna hii. Mimi huwajibu kwamba ilichimbwa na watu waliokuwa wanatetemeka. Nao hucheka zaidi. Wao wana mashine, wana mbegu za pakiti, na hawajui maana ya kikapu kilichowekwa karibu na mlango. Nawaonea wivu.

Kahawa ikaanikwa, Baba Mkubwa akaja. Tulimwamkia shikamoo. Alikagua kila tuta, akichokoa kwa fimbo, mpaka akapata tete moja. Akaling'oa, akaingia nalo ndani, akaliweka miguuni pa Mama.

"Limebaki hili, shemeji."

Mama akakivuta kile kikapu. Nilimshika Odilia mkono. Akatoa nguo zetu, moja baada ya nyingine, akaziweka kitandani. Kisha akakijaza majani ya maboga na mchicha mpaka juu.

"Mpelekee mkeo mboga hizi," alisema. "Tete nitalichoma mwenyewe."

Baba Mkubwa alikipima uzito mkononi. Akatutazama sisi wawili. Akainama, akatoka na kikapu peke yake, na Mama akafunga mlango nyuma yake.