Mpishi wa Wageni Wasioonekana

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Dirisha la kupokelea wagonjwa bado limefungwa, lakini chumba cha nyuma cha maabara tayari kina joto la jikoni. Mama Visahani anakoroga unga wa mwani katika chupa kubwa ya kioo, sikio kaliinamisha kama anayesikiliza mtoto akipumua.

"Unga ukiacha kukwaruza chini, umeyeyuka," anasema. "Ukiutazama tu, utakudanganya."

Wenzake ndio waliompa jina hilo. Kazi yake ni kupika chakula cha bakteria: rojo linaloganda kwenye visahani vya plastiki, visahani mia na sitini kwa siku. Wataalamu hupaka juu yake vijidudu vya wagonjwa, au vya kinyesi cha kuku na ng'ombe, kisha huweka vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa. Dawa ikiwa na nguvu, kesho yake huonekana duara tupu kuizunguka. Ikishindwa, vijidudu huota mpaka ukingoni mwa karatasi.

"Kitendawili!" anamtupia fundi wa maabara, binti anayeingia akipiga miayo.

"Jamani Mama, hata chai sijanywa! Haya, tega."

"Nawapikia wageni nisiowaona. Wakishiba, ndipo nawaona."

"Si hao vijidudu wako!"

"Lo! Nilishajiandaa kupewa mji."

Kabla ya hapa alipikia shule ya msingi miaka kumi na tisa, watoto mia nne kila mchana. Jiko la shule lilipofungwa, akaja maabara kuosha vyombo, kwa mshahara wa kima cha chini na elimu yake ya darasa la saba. Siku mpishi wa zamani wa rojo alipoacha kazi, akaambiwa ajaribu.

Akajaribu, akaharibu. Alijaza visahani.

"Mkono wangu ulizoea watoto wenye njaa," anasema, akicheka mpaka mabega yanatikisika. "Kumpakulia mtu nusu sahani niliona ni uchoyo."

Kumbe rojo likizidi unene, dawa huzama badala ya kusambaa, na duara hupungua. Dawa nzima inaonekana mbovu. Kazi ya siku tatu ikamwagwa. Tangu hapo rula haitoki mfukoni mwa aproni yake: milimita nne, basi.

Miezi mitano iliyopita, kumbukumbu ya kosa hilo nusura imgharimu mtoto wa watu maisha.

Msichana wa miaka sita alikuwa amelazwa, homa haishuki, maambukizi yamefika kwenye figo. Dawa mbili zilikuwa zimeshindwa. Visahani vyake vilipotoka, dawa tano hazikuwa na hata duara moja. Iliyobaki ya kumpa ni ile kali, ambayo hospitali huiweka akiba.

Mkuu wa maabara alikigeuza kisahani kwenye mwanga. "Mama, umejaza tena?"

"Sijajaza."

"Daktari anasubiri neno langu. Tukirudia, ni kesho. Nikikosea leo, nitamtazama vipi baba wa mtoto?"

Mama Visahani hakubishana. Alileta kisahani kingine cha chungu kile kile cha rojo, kilichopakwa kijidudu cha mfano ambacho maabara hukitunza kwa sababu dawa zote zile hukiua. Maduara yalikuwa mapana, meupe pe. Akaweka rula mezani.

"Chungu kimoja, mkono mmoja. Huyu kafa, yule anadunda. Sasa bosi, kosa ni langu au ni lake?"

Mkuu alipima mwenyewe, mara mbili. Kisha akainua simu. Dawa ikabadilishwa mchana huo huo, na siku ya nne mtoto akaomba chakula.

Baba yake ni mfugaji wa kuku. Kila wiki alikuwa akiwachanganyia dawa kwenye maji, wazima wote, akiita kinga. Kinyesi cha banda lake kilipopimwa, usugu ukawa ule ule. Msichana ndiye aliyekuwa akiokota mayai.

Fundi anaeleza kwamba dawa ikitumiwa ovyo huua vijidudu dhaifu, na vilivyo sugu hubaki vikizaana. Tena hupeana vinasaba vya usugu. Mama Visahani analo lake la kuongeza.

"Wanaazimana mapishi," anasema. "Mmoja akijua namna ya kuishinda dawa, anamnakilia jirani. Wala si lazima wawe ndugu. Wa kuku anampa wa mtu."

Mtoto alipotoka hospitali, baba yake alikuja kushukuru. Akaonyeshwa chumba cha nyuma.

"Wewe ndiye daktari?"

"Mimi mpishi, baba. Ila sipiki ovyo."

Mfugaji huyo sasa hampi kuku dawa mpaka daktari wa mifugo aseme. Mwezi ujao amewaalika wafugaji wenzake thelathini nyumbani kwake, na mgeni rasmi ni Mama Visahani. Atakwenda na visahani vilivyofungwa vizuri, vyenye duara na visivyo nalo, ili kila mmoja aone kwa macho yake.

Hajawahi kusimama mbele ya watu bila upawa mkononi. Mkuu wa maabara amejitolea kufuatana naye, amsaidie pale penye utaalamu.

"Aje," anasema Mama Visahani, akifuta meza. "Visahani ni vingi, sitaweza kuvibeba peke yangu."