Alama ya Chovai ndani ya mchezo wa simu

Leo fundi wetu wa mashua amejikuta haramia.

Tulikuwa tukinywa chai hapa Kismayo. Binti yake alikuwa akicheza mchezo wa simu: maharamia weusi, wote sura moja, unawapiga risasi.

"Baba, hii si alama yetu?"

Kwenye omo, mbele ya mashua ya maharamia hao, palikuwa na mwezi mweupe na nyota mbili. Ni alama ya marehemu baba wa fundi wetu, naye fundi wa mashua kisiwani Chovai.

Nikasema nitawaandikia tena wenye mchezo.

"Ulipoandika mwanzo, walibadili nini?" akauliza fundi.

"Waliwavika viatu."

Tulicheka, si sana.

"Kaka wa binti huyu anavua samaki kwa mashua yenye alama hiyo," akasema. "Askari wa manowari nao hucheza mchezo huu; watamdhani haramia. Ninunulie rangi ya buluu, niifute."

Kopo la rangi ninalo mkononi. Nyinyi mnaosoma, mngempelekea?