Vacuum ya shangazi wa mchumba wangu: nimeifungua, nimeitengeneza, na sasa naogopa kuirudisha

Wakuu, habari za wikiendi.

Faranga elfu ishirini na mia tano, kidole gumba kimoja, na Jumamosi nzima. Nimehesabu mara mbili. Hakuna chai humu, sijatunga kitu, mashine yenyewe iko hapa sebuleni inanitazama.

Mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Mwanza, sasa naishi Kicukiro, Kigali. Mchumba wangu ni Claudine, na posa ni mwezi ujao. Hapa shangazi upande wa baba, wanamwita masenge, neno lake kwa binti ni zito kuliko la baba mzazi. Masenge wa Claudine ni fundi cherehani na anakuja kesho baada ya misa kuona nyumba atakayoishi mtoto wao.

Nyumba ina zulia. Zulia lina vumbi la tangu mpangaji aliyepita.

Masenge akaniazima vacuum yake. Akanipigia kabisa: "Mukwe wangu, nimekushonea na mfuko mpya wa vumbi. Ule wa karatasi ulipasuka, na hapa mjini haipatikani."

Nikashukuru sana. Kitu cha bure, nani anauliza maswali?

Leo asubuhi nikawasha. Robo ya zulia, ikaanza kulia kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Harufu ya moto. Kimya.

Nikaipakata kwenye pikipiki hadi Gitega ya hapa hapa Kigali, kwa fundi. Akachomeka, akainamisha sikio.

"Boss, moteri imekufa. Leta elfu arobaini na tano."

"Umeifungua?"

"Kuifungua ya nini? Naisikia."

"Unasikia nini, na haiwaki?"

"Ndiyo hiyo. Siisikii."

Nikamwambia kwa bei hiyo naweza kusikiliza mwenyewe. Akataka elfu mbili za kuangalia. Nikampa elfu moja, maana alitumia sikio tu. Pikipiki kwenda na kurudi, elfu mbili.

Njiani nikapita duka la vifaa. Skrubu za vacuum zina kichwa cha nyota, kwa hiyo bisibisi mpya, elfu sita na mia tano baada ya kubishana. Muuzaji akaniuzia na kaboni za mota, vile vipande vinavyoipelekea umeme, elfu nane, "kwa sababu huwa ni hizo tu." Wakuu, hazikuwa hizo. Na hazirudishwi, nimeshajaribu.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Nilifungua upande usio wenyewe. Upande huo una gurudumu linalokunja waya, na ndani yake kuna springi ndefu ya chuma bapa. Ilitoka yote kwa mkupuo. Ndiyo iliyonichana kidole. Kuikunja irudi kwenye kijumba chake kulimaliza mchana wangu.

Claudine akaja na kitambaa cha kufunga kidole, akatazama vile vyuma sakafuni: "Chéri, ulikuwa unafungua au unachinja?"

Nikafika kwenye mota. Safi. Kaboni zake bado ndefu kuliko nilizonunua. Nikafunga kifuniko bila mfuko, nikachomeka kwa hasira tu.

Ikawaka!

Kumbe kuna kiswichi ndani kinachokata umeme mota ikipata joto, na ikipoa kinarudi chenyewe. Kwa fundi ilikuwa haijapoa. Nyumbani sikuwahi hata kuichomeka tena. Nilikimbilia bisibisi.

Nikarudisha mfuko. Dakika chache, ikalia, ikazima. Nikautoa, nikaupuliza kwa mdomo. Hewa haipiti hata tone.

Kitenge kizito, mara mbili, katikati masenge kaweka kile kitambaa kigumu cha kola. Kingo zimetariziwa. Hakika vumbi lisingetoka. Ila na pumzi ya mashine nayo haitoki.

Nikanunua foronya nyepesi, elfu tatu, Claudine akaikata na kuishona kwa mkono. Zulia lote limeisha, mashine haijazima hata mara moja.

Somo: kitu kikizima kwa joto, kiache kipoe kwanza. Na kabla hujakamata bisibisi, puliza mfuko.

Lakini shida yangu iko hapa. Nikimrudishia na mfuko wake, itamzimia mkononi, na aliyeiharibu ni mimi. Nikimrudishia na foronya, atauliza kazi yake iko wapi. Nikisema ukweli, namkosoa ushonaji mwanamke ambaye ndiye anashona nguo za harusi yangu. Claudine naye kaninawia mikono: "Mwambie wewe, mimi ni mtoto wao."

Kwenye posa kuna mzee wa kunisemea, tumemtafuta na amekubali. Kwa mfuko wa vumbi namtuma nani?

Wenye mashangazi wa wake zao, njooni. Mngeanzaje sentensi ya kwanza? Hizo elfu ishirini na mia tano nimeshazisamehe. Naomba sentensi tu, kabla misa haijaisha.