Vikombe Vilivyofunikwa Mwaloni

Nakumbuka asubuhi moja hapa Kasenyi, mwanangu, chai yangu ilipochemka mpaka ikakauka sufuriani, na mimi nimesimama tu natazama ziwa. Usicheke. Mama yako hakuwahi kuunguza chai kabla ya siku ile, wala hajaunguza tena. Leo nakusimulia kwa sababu nimesikia umemwambia jirani kwamba jioni unakwenda kuvua "huku huku tu," na injini mpya ile, na petroli ya kuzunguka ziwa zima. Huku huku tu! Kaa chini kwanza. Samaki hawahami saa hii.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu. Simu za tochi zilikuwa zimeingia kila mfuko, nami nikiwa mke kijana nauza chai na mandazi papa hapa mwaloni, mitumbwi inapofikia. Wewe ulikuwa Bwera kwa nyanya yako, unakula ndizi na kukimbia shule. Baba yako Bwambale naye ni mtoto wa Bwera, kwao wanalima kahawa, ila jembe lilimshinda akapenda maji. Alikuwa mvuvi hodari, hilo simnyimi.

Samaki wa karibu walikuwa wamekwisha. Nyavu za macho madogo zilikuwa zimekomba mpaka watoto wao. Mwenye kutaka ngege wa maana ilibidi aende mbali, ng'ambo ya kaskazini, kwenye visiwa vya mafunjo vinavyoelea. Unatoka jioni, unatega, unalala humo humo mtumbwini, asubuhi unavuta nyavu na kurudi.

Sasa unajua desturi ya wavuvi wetu. Mvuvi hasemi anakotega. Akikuambia kusini, jua ni kaskazini. Wengine wanaogopa kuibiwa nyavu, wengine wanaogopa kufuatwa, na wapo wanaosema ukitaja mahali samaki wanakusikia. Eti samaki wana masikio! Baba yako aliyaogopa yote matatu. Jioni ile aliwaambia watu wote, hata Mzee Kule mwenyekiti wa mwalo, kwamba anashuka kusini. Kweli aliniambia mimi peke yangu, huku akifungua kamba ya mtumbwi.

"Mama Mumbere, naenda kwenye mafunjo, pale kwenye mti mkavu wanapotua ndege wa mnandi. Isitoke mdomoni mwako. Hata nikichelewa."

Nikaapa. Nilikuwa nampenda mume wangu, mbona nisiape?

Asubuhi mitumbwi ikarudi mmoja mmoja. Wachuuzi wakanunua, bodaboda zikapakia vikapu kwenda Kasese. Baba yako na mwenzake wa mtumbwini hawakuonekana, na simu yake haikupatikana. Alfajiri ulikuwa umeshuka upepo wa milimani, ule wa Rwenzori usiopiga hodi, na kila mtu mwaloni alijua unaweza kufanya nini. Hapo ndipo chai ilipoungua.

Ilipofika saa nne Mzee Kule akaita watu. Zamani alikuwa askari, na ukali wa kambi haukumtoka mpaka anaingia kaburini.

"Petroli iko kidogo," akasema. "Inatosha kwenda upande moja na kurudi, basi. Bwambale alisema kusini. Tunaenda kusini. Haya, sukuma!"

Shemeji yangu Thembo, mdogo wa baba yako aliyekuwa akiuza samaki wao, aliniona usoni akanivuta pembeni.

"Shemeji, funga mudomo," akaninong'oneza. "Kaka iko na akili, atarudi tu. Ukisema leo, kesho kule itajaa mitumbwi ya watu yote. Na sisi tutakula nini?"

"Na asiporudi?"

"Atarudi. Na wewe uliapa."

Kweli, niliapa. Kiapo si ganda la ndizi, useme unatupa tu. Nikasimama pale, na maneno ya baba yangu mzazi yakanijia. Babu yako, unajua, alitoka Kenya kuja kuchimba shaba Kilembe, na ndiyo maana sisi tukazaliwa huku. Alikuwa akitueleza kwamba mchimbaji hashuki shimoni kabla hajatundika kibati chake chenye namba kwenye ubao pale langoni. Zamu ikiisha, kila mtu anachukua chake. Kibati kinachobaki kinamtaja mwenyewe: fulani bado yuko chini, mfuateni. "Mtu akijulikana aliko," babu yako alisema, "kuna njia ya kumfikia."

Nikajiuliza, Bwambale ametundika kibati chake wapi? Kwangu! Sikuwa mke tu asubuhi ile, nilikuwa ubao wa langoni. Na ubao ukinyamaza, mtu anafia chini.

Nikaingia majini na gauni langu, maji mpaka magotini, nikaushika mtumbwi wa Mzee Kule kwa mikono miwili.

"Mzee, siyo kusini. Yuko kaskazini kwenye mafunjo, pale kwenye mti mkavu wa mnandi."

Thembo akashika kichwa. Kisha mjinga mmoja nyuma akacheka: "Jamani, Bwambale alioa redio!"

"Redio na iwe redio," nikamjibu, "ilimradi ina habari za kweli. Wewe una habari gani?"

Mzee Kule hakucheka. "Nani alikwambia?"

"Mwenyewe, kwa mdomo wake. Mzee, geuza mtumbwi. Usipogeuza sitauachia."

Akanitazama kidogo, akageuza.

Sitakuficha, mwanangu, kungoja kule kulinizeesha. Nilipiga magoti kwenye mchanga wenye magamba ya samaki nikaomba maombi yote niliyofundishwa kanisani na mengine nikatunga. Nikasema, Mungu, nirudishie huyu mtu hata akinichukia.

Walirudi jua limeegemea mlima, na baba yako yumo, na mwenzake yumo. Magugu yalikuwa yamejisokota kwenye panga boi la injini, kipini chake, kile kijisumari kinacholishikilia, kikakatika, na cha akiba hawakuwa nacho. Kasia lilikuwa moja. Upepo ukawasukuma, kiboko akautoboa mtumbwi ubavuni, wakaparamia mafunjo na kukaa humo kiuno majini, wamekumbatia mtungi mtupu wa petroli. Mwenzake hakujua kuogelea. Na kisiwa chenyewe, kwa kuwa kinaelea, kilikuwa kinasogea nao. Kama Mzee Kule na watu wake wangekwenda kusini kwanza, petroli ingeishia huko, na kesho yake hata mimi nisingejua wako wapi.

Unadhani baba yako alinikumbatia? Thubutu! Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani aliwaonyesha njia?"

"Mimi," nikasema.

Akapita. Siku kadhaa alikula chakula changu bila kusema hata kimepoa. Na kweli, mitumbwi ikaenda kwenye mafunjo yake, mmoja, wa pili, mpaka pakawa soko. Mimi nikaitwa Redio kuanzia mwaloni hadi barabarani. Nililia, na nilikasirika pia. Nilikuwa nimemwokoa mtu, na ndani ya nyumba yangu nikawa mhaini. Lakini nilijua mkosaji si mimi, nikaendelea kupika.

Mzee Kule ndiye aliyekuja akasimama mlangoni, hata kiti hakutaka.

"Wewe, Bwambale! Ulitaka mke wako akutunzie samaki ao akutunzie roho? Samaki wakihama, utawafuata. Wewe ukihama, nani atakufuata, na umedanganya watu yote? Sema!"

Baba yako akainamia sahani yake.

"Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Wewe kilikufikia kiunoni. Simama, shika mkono ya mama hii."

Akasimama, mtu mzima na ndevu zake, akanishika mkono. Akasema, "Asante, Redio." Basi nikacheka na machozi yakinitoka, na tangu siku hiyo jina hilo halijaniudhi.

Sasa unajua kwa nini rafu yangu ya vikombe iko vile, vingine vimefunikwa kifudifudi. Wageni hudhani Mama Redio hajui kupanga vyombo. Kila mvuvi anayekwenda mbali hunywa chai kwangu, halafu anakifunika kikombe chake pale juu na kuninong'oneza anakokwenda. Siri yake ni yangu, hata Thembo hanitoi neno, na amejaribu sana. Ila mwisho wa siri ni saa nne asubuhi. Saa nne ikifika na kikombe bado kimefunikwa, napiga kelele mwalo mzima, nataja mahali kwa jina, na petroli ya kutafuta tunaichanga kabla mtu hajapotea. Thembo mwenyewe, siku hizi naye anavua, ndiye wa kwanza kufunika chake.

Basi sikiliza, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Petroli igawe mara tatu: ya kwenda, ya kurudi, na ya upepo. Hiyo ya upepo usiiguse hata ngege wanaruka mbele yako. Kipini cha akiba kiwe mfukoni, siyo nyumbani. Makasia mawili. Jaketi la kuelea ni la kuvaa, mwanangu, msilikalie kama mto! Simu itie kwenye kavera, mfuko wa plastiki, uifunge vizuri. Ukiona wingu limeteremka mlimani mpaka kwenye mashamba ya watu, ghairi, na anayekuita mwoga umlete kwangu anywe chai ya bure nimwonyeshe mtungi ule mtupu, bado ninao. Na ukinitajia mafunjo, nenda mafunjo. Ukibadili nia kule majini, nipigie. Mtandao ukikataa, usibadili.

Sikukatazi kwenda mbali. Baba yako hajaacha, na watoto hawali woga. Ila nenda ukiwa na mtu ufukoni anayejua ulipo.

Kikombe chako ni hiki cha bluu. Kimalize, kifunike kwa mkono wako, halafu uniinamie sikioni uache hiyo huku huku tu yako. Mungu akutulizie maji mbele na akuzuilie upepo nyuma. Kiboko akuone akageukie kwingine, na nyavu zikulemee mikono. Na kesho kabla ya saa nne uje ukifunue mwenyewe, nikumiminie ya moto.

Haya, sema. Unaenda wapi?