Bata wa Mama Mkwe

Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Kalemie, na kila mwaka ninawaambia wanafunzi kwamba mtu aliyejizoeza vizuri anaweza kuwachosha wanyama wengi. Bata hakuwahi kusikia somo hilo.

Juzi mama mkwe alishuka kutoka boti ya Moba na bata aliyemlea mwenyewe, zawadi yetu. Nilipomfungua miguu tu, bata akakimbilia ziwani, hatua chache kutoka nyumbani.

"Tumuite Mama," mke wangu akasema.

"Muache, amelala. Bata anaogelea na miguu tu. Mimi niko na mikono tena!"

Nikavua nguo, nikabaki na chupi. Mbele ya mama mkwe mtu havui hata shati, lakini si alikuwa amelala? Nikaogelea. Nikiongeza mbio, bata naye anaongeza kidogo, bila hata kugeuza shingo. Nikipumzika, ananingojea. Alipoanza kusafisha manyoya yake, mimi nilikuwa ninakunywa ziwa.

Mara nikasikia mahindi yakitikiswa kwenye sahani. Bata akageuka papo hapo, akanipita, akaenda zake nchi kavu. Nikainua kichwa. Majirani wote walikuwa wamesimama ufukoni wakiniangalia. Katikati yao mama mkwe alikuwa amenipa mgongo, kwa heshima.

Bila kugeuka, akaitikisa tena ile sahani.

"Mumuambie na mukwe wangu arudi," alisema kwa upole. "Chakula ya watu nayo iko tayari."