Wavu wa Kuanikia Dagaa

Nilimwonea wivu tangu siku alipokabidhiwa ufunguo. Miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa natunza maabara yetu ya Mwanza, naosha vioo, napima maji ya ziwa, na hata mashine ya Raman, ile ya kutambua vitu kwa mwanga, ilipofika nililipangusa sanduku lake kwa mikono yangu hii. Halafu akaja yeye, mdogo kwangu, katoka masomoni ng'ambo, na mkuu wetu akampa ufunguo wa chumba cha mashine mbele ya watu wote. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," wenzangu wakasema huku wakicheka. Apone nini? Mimi niliugua.

Na alikuwa na adabu, jamani! Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kila asubuhi, "Shikamoo dada, njoo uone." Tunaingia chumba cha giza, anauelekeza mwanga wa leza kwenye kitu kidogo kuliko punje ya chumvi. Mwanga unarudi umebadilika kidogo, na kompyuta inachora mstari wenye vilele. Kila kitu kina vilele vyake: chokaa vyake, mchanga vyake, plastiki vyake. Yeye alivitambua upesi kama mtu anayetambua ndugu zake msibani. Mimi naitikia "Mh" tu, roho inaniuma mpaka nakosa hamu ya chai.

Utafiti wake wa kwanza ulikuwa dagaa. Alinunua visado viwili vya dagaa wakavu pale soko la samaki la Mwaloni, akawayeyusha kwenye dawa, akachuja, akabaki na nyuzi nyembamba za kijani. Raman ikasema nailoni. Akanikumbatia! "Dada, dagaa wa ziwa letu wanakula plastiki!" Akaandika ripoti, akapangiwa siku ya kuisoma mbele ya maofisa na akina mama wa sokoni.

Mimi nilipoiona ile kijani tu, nilijua. Mama yangu alianika dagaa utoto wangu wote, akiwatandaza juu ya nyavu kuukuu pale mchangani, na nyavu zikichakaa humwaga nyuzi. Kazi yangu ilikuwa kuzichomoa moja moja kabla wateja hawajafika. Mashine haikukosea, nailoni ilikuwa nailoni kweli, ila haikutoka tumboni mwa dagaa. Ningemuuliza tu, "Umeshapima dagaa wabichi?" angeshtuka mwenyewe. Nikalimeza swali. Acha aumbuke, nikasema moyoni, ufunguo urudi kwa mwenyewe.

Siku ya kuisoma ripoti nilivaa kitenge changu kizuri kama naenda harusini. Alipoonyesha picha ya nyuzi, mama mmoja mchuuzi akasimama bila kuruhusiwa.

"Mwanangu, huo ni wavu wetu wa kuanikia! Samaki hajaula huo. Unataka tukose wateja?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikausubiri utamu niliouota wiki nzima. Haukuja. Nilimwona akishindwa hata kufungua ukurasa unaofuata.

"Asante, mama," akasema. "Nimekosea. Nilitakiwa kuwauliza ninyi kwanza."

Ofisa mmoja akadakia kwa kejeli, "Kwa hiyo maabara nzima hakuna anayejua dagaa anavyoanikwa?"

Aibu ilikuwa yake, lakini akajitolea kunitetea mimi. "Msiwalaumu wenzangu. Hata dada yangu yule pale amekulia Mwaloni, na nyuzi alizitazama pamoja nami. Angezijua, angeniambia."

Watu wakageuka. Yule mama mchuuzi naye akageuka, akanikazia macho, na mimi nikamtambua kabla hajafungua kinywa. Alikuwa akianika dagaa wake jirani na mama yangu.

"Wewe si ndiye yule binti aliyekuwa akichomoa nyuzi?"

Mwenzangu aliyashusha macho yake taratibu, akaanza kukusanya karatasi zake.

"Shikamoo, mama," nikamwambia yule mchuuzi.

Hakuitikia.